Baada ya Bao la Sita

2 Machi 1986

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi na kwa watoto. Sisi huku wazima, ila Baba na magoti yake, na hata hayo ameshayazoea. Anasema ni wageni waliokosa nauli ya kurudi kwao. Asubuhi namtoa barazani na ubao wake wa drafti na kopo la vizibo vya soda, naye anamvizia yeyote atakayepita. Juzi alimpata karani wa posta, akamfunga mara tano mfululizo mpaka yule bwana akaondoka akiwa amesahau mfuko wake wa barua kwenye kiti. Kwa hiyo hii ikichelewa, usiulize imepitia wapi.

Cherehani yangu inakwenda. Nina sare za shule za kushona mpaka macho yanaona buluu hata nikiyafumba.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Jumamosi ya tarehe kumi na tano timu ya kinu cha pamba inakuja huko kucheza na wewe na vijana wako wa reli. Golini atakaa mwanangu, ambaye siku hizi hata mimi namwita Komeo kama wanavyomwita wenzake. Unajua yeye ni kibarua pale kinuni, anaandika uzito wa magunia kwenye mzani. Meneja wao anaipenda timu kuliko pamba yenyewe. Kila ligi ikiisha huwachukua wachezaji wawili watatu akawapa ajira ya kudumu, na safari hii ameshamwambia Komeo kwamba yumo. Kudumu, mdogo wangu! Kibarua wa miaka mitatu, anayeamka kila siku bila kujua kama jioni ataambiwa kesho asije.

Lakini meneja huyo ana ugonjwa wake. Kufungwa anasamehe, kuaibishwa hasamehi. Kipa wa mwaka jana alifungwa tisa, na wiki ile ile akawa hana timu wala kazi.

Sikuombi ufungwe. Nyinyi ni mabingwa na wale ni wachambua pamba, hilo hata mimi fundi wa nguo nalijua. Fungeni. Lakini mkishapata ya kuwatosha, waingize wale wanaokaa benchi, pigianeni pasi zenu mpaka refa apulize. Mtu akishashiba hunawa mikono, haendi kukomba na sufuria la jirani.

Komeo asijue kabisa kwamba nimekuandikia. Kichwa chake ni cha babu yake, akijua atanuna mwaka mzima.

Dada yako


19 Machi 1986

Dada, shikamoo.

Hapa hatujambo. Wifi yako anakusalimu na anasema gauni ulilomshonea limekuwa la kubana, nami nimemwambia gauni halina kosa, tukanyamaziana siku nzima. Mtoto wetu mdogo ameota meno mawili na ameshaning'ata.

Barua yako nimeipata Jumatatu, mechi imechezwa Jumamosi. Nadhani yule karani bado yuko barazani kwa Baba. Najua umeshasikia redioni, kwa hiyo sitazunguka. Kumi na nne kwa bila.

Dada, usiitupe barua kabla hujaimaliza. Kwanza, tuliyahitaji mabao. Sisi na timu ya polisi tulikuwa sawa kwa pointi, na mwisho wa ligi watu watahesabiana mabao. Pili, na hili ndilo kubwa, mimi wachezaji wangu huwa nawafundisha kwamba mpinzani hahurumiwi. Unataka nikwambie dhihaka ni nini? Dhihaka ni zile pasi za nyuma unazozitaka wewe. Umeshaona uwanja mzima ukihesabu kwa sauti, "Moja! Mbili! Tatu!", huku wenzako wanakimbizana na mpira kama vifaranga? Hiyo ndiyo aibu ambayo mtu hulala nayo. Anayekufunga mpaka dakika ya mwisho amekuhesabu mtu.

Na haya sikuyaokota mitaani. Mimi nilikuwa na miaka saba, nalia juu ya ubao wa drafti, Baba anakula kete yangu ya mwisho huku ananitazama usoni. Mama alimwambia mwachie mtoto japo mara moja. Ulikuwepo. Akamjibu, "Nikimwachia leo, nani atamwachia kesho?" Mimi nimekuwa nilivyo kwa maneno hayo.

Komeo amecheza kiume. Bila yeye yangefika ishirini, na simsifu kwa kuwa ni mpwa wangu. Baada ya bao la nane alipangua kombora akaumia vidole viwili vya mkono wa kulia, akavifunga kwa kitambaa, akarudi golini. Hawakuwa na kipa mwingine. Nilipomwona anakaza lile fundo kwa meno nikasema, huyu ni wetu.

Mwambie meneja wake akija kwetu mwakani alete mabeki.

Mdogo wako


27 Aprili 1986

Mdogo wangu,

Sisi wazima kiasi. Baba amepunguza kukaa barazani. Nilipomsomea barua yako aliuliza, "Ngapi?" Nikamwambia. Akaviokota vizibo kimoja kimoja akavirudisha koponi, akaomba apelekwe ndani. Mpaka leo ubao uko juu ya kabati.

Mimi si mtu wa mpira, lakini redio ninayo. Timu ya polisi ilicheza Ijumaa, ikafungwa. Jumamosi mnaingia uwanjani mlijua kwamba ushindi wa bao moja tu unawapitisha kwa pointi. Mabao uliyoyahitaji uliyahitajia nini?

Ngoja nikueleze ya huku, maana kumi na nne haikuishia huko uwanjani. Jumatatu asubuhi meneja aliwapanga vibarua wote uani, kabla ya kengele. Jana yake alikuwa kwenye kikao cha mameneja wenzake, wakamcheka mpaka akaacha chai yake. Alimwita Komeo mbele, akamwambia anyooshe mikono. Akaigeuza huku na huku kama mtu anayekagua mihogo. Halafu akasema, "Mikono isiyodaka mpira itadaka pamba." Watu wakacheka, ndiyo, hata wenzake wa timu. Siku hiyo hiyo akatolewa kwenye mzani akapelekwa mashineni, kulisha pamba kwenye misumeno inayotenganisha nyuzi na mbegu. Timu imevunjwa. Ya kudumu hakuna tena anayeitaja.

Na jina la Komeo limekufa. Sasa anaitwa Kumi-na-Nne. Watoto wa shule, ambao sare zao nimezishona kwa mikono yangu hii, wanampigia kelele akipita.

Vidole havijapona. Kimoja kimevimba kiungoni na hakikunjiki vizuri. Nilimwambia aombe ruhusa akaonyeshe hospitali, akaniambia kibarua haumwi. Anakula, anaosha sahani yake, analala. Nikimuuliza kuhusu mechi anasema, "Yameisha, Mama." Kuna kitu hanielezi na mimi sijui ni kitu gani.

Unasema kumfunga mtu mpaka mwisho ni kumhesabu mtu. Haya. Bao la kwanza lilikuwa la ushindi. La pili na la tatu la uhakika. Mpaka la sita, sema la kuwafurahisha mashabiki. Niambie basi la tisa lilikuwa la nani, lililopigwa kwa mtoto wa dada yako aliyefunga vidole kwa kitambaa, na wewe umesimama pembeni unaona.

Nimekasirika. Sitaki ukisie, ndiyo maana nimeandika.

Dada yako


20 Mei 1986

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa. Mtoto mdogo alikuwa na homa, sasa amepona. Wifi yako anakusalimu.

Pole kwa yaliyompata Komeo. Huyo meneja ni mtu wa hovyo, na uhovyo wake usinitwike mimi. Mimi sikumtoa mtu kwenye mzani. Mimi nilicheza mpira, dakika tisini, kwa sheria zote. Kama mtu akifungwa anaadhibiwa kazini, mwenye kosa ni mfungaji?

Nilikuwa sitaki kukwambia hili, lakini umenisukuma mpaka ukutani. Mapumziko, tukiwa tumeshafunga sita, niliongea na Komeo pale kwenye mlango wa kutokea. Akaniambia kwa kinywa chake, tena mbele ya wachezaji wangu na wake, "Mjomba, msituhurumie. Chezeni." Alikuwa amekunja uso, machozi yako karibu lakini hayatoki. Ulitaka nifanyeje? Mtu mzima wa miaka ishirini na moja ananiambia nimheshimu, nimgeuzie mgongo nimfanye mtoto? Nilirudi nikawaambia vijana, mmemsikia kipa wao, hakuna kulegeza. Kwa hiyo ukiuliza la tisa lilikuwa la nani, lilikuwa lake. Alilitaka mwenyewe.

Mwambie asihangaike na hicho kinu. Aje huku. Kipa wangu wa akiba anaondoka mwisho wa mwaka, na nafasi hiyo naweza kumpa mtu nimtakaye. Reli wanaajiri wachezaji wao, na hiyo ni kudumu ya kweli, si ya ahadi. Nimemwagizia pia glavu za kipa, zile zenye mpira viganjani na mkanda wa kukaza kifundoni. Zikifika nitazituma.

Baba mwambie namsalimu. Na ubao uteremshwe kabatini, unajua hawezi kukaa bila ubao.

Mdogo wako


6 Julai 1986

Dada, shikamoo.

Sijapata jibu. Nimemuuliza kila mtu anayetoka huko, wanasema hawajui au wanatazama pembeni. Kama bado umenuna, nuna kwa maandishi basi, nijue mko hai.

Tumechukua ubingwa. Kombe limewekwa kwenye kabati la ofisi ya stesheni, na kila abiria anayekata tiketi analiona. Nilidhani nitafurahi zaidi.

Glavu zimefika, nazituma pamoja na barua hii. Nilizijaribu mwenyewe mezani, wifi yako akanicheka. Mkono ukiingia humo mpira wenyewe unakuja kulala. Komeo aanze kuzizoea kabla hajaja, na anijibu yeye mwenyewe, hati yake naijua.

Mwambie mjomba wake anamsubiri.

Mdogo wako


14 Septemba 1986

Mdogo wangu,

Salamu. Baba yu hai, anakula kidogo. Mimi nipo, na cherehani ipo.

Hati ya Komeo hutaiona. Anajifunza kuandika kwa kushoto, na bado herufi zinamlalia kama mimea iliyopigwa na mvua.

Barua yako ya Mei ilinikuta nikiwa hospitali. Ajali ilitokea mapema mwezi huo, wiki yake ya saba mashineni. Pamba ilikwama kwenye misumeno, naye akapeleka mkono kuinasua, kama wanavyofanya wote ingawa wamekatazwa, maana mashine ikizimwa mnyapara anawakata ujira wa siku. Wenzake wanasema mtu huhisi uzi wa pamba unavuta, akaurudisha mkono haraka. Yeye vidole viwili havikunjiki. Uzi ulimzunguka pale pale kwenye kiungo kilichovimba. Mpaka walipoifikia swichi, mkono wa kulia ulikuwa umekwenda mpaka kifundoni. Meneja alituma gunia la mchele na maneno kwamba kibarua hana fidia.

Sikukujibu kwa sababu kila nilipoandika neno "mkono" kalamu ilikataa kuendelea. Niliwaambia watu wa huku wasikwambie. Nilitaka uyasome kwangu, na mimi sikuwa na nguvu ya kuyaandika. Nimekaa nikipunguza mikono ya kulia ya mashati yake, moja baada ya jingine, mpaka yakaisha.

Wiki iliyopita nilimsomea yale uliyoyaandika kuhusu mapumziko. Sikutaka, lakini nilitaka kujua kama kweli alisema. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ni kweli nilisema. Amekwambia na yeye aliniambia nini?"

Kumbe hukuniambia. Basi nitakwambia mimi, maana labda umesahau. Ulimwendea pale mlangoni, ukamshika bega, ukamwambia kwa sauti ambayo hata wenzake waliisikia, "Mama yako ameniandikia niwahurumie. Unasemaje?"

Jumamosi, mdogo wangu. Barua uliyoipata Jumatatu.

Nilikuomba asijue. Ungeweza kunyamaza ukafanya nililokuomba, au ukanyamaza usilifanye, na yote mawili ningeyameza. Wewe ulimwuliza mtoto wa kiume, mbele ya wanaume wenzake, kama anataka kuombewa na mama yake. Alikuwa na jibu gani jingine? Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Hawakusema umnolee.

Na mimi nina fungu langu, sitalikimbia. Ningekaa kimya na sare zangu, pengine mngefunga nane mkachoka. Huwa nalala nikiifikiria ile barua, najuta mpaka kifua kinauma. Lakini mimi niliandika nikimwogopea mwanangu. Wewe sijui uliuliza ukimwogopea nani.

Kuna jambo jingine, na nitakueleza ingawa najua litakusaidia wewe. Jumapili Baba aliomba ubao. Nikauteremsha, nikawaweka yeye na Komeo barazani. Komeo anasukuma vizibo kwa kushoto, polepole. Mimi nilikuwa mlangoni na sindano yangu. Baba, ambaye hajamwachia binadamu yeyote kizibo kimoja tangu azaliwe, aliacha kingi yake, kete kubwa kuliko zote, wazi. Wazi kabisa, mtoto wa chekechea angeila. Komeo akaitazama. Akamwambia, "Babu, cheza."

"Nimeshacheza."

"Babu, rudia."

"Nimecheza, mjukuu wangu. Ni zamu yako."

Komeo akaufagia ubao kwa kile kilichobaki cha mkono wake wa kulia. Vizibo viliruka mpaka barabarani. Akainuka akaenda zake, na Baba akabaki pale pale akilia bila sauti, mzee wa miaka sabini na kitu, kamasi zinamtoka. Nilipokwenda kumfuta akaniambia, "Nilimfundisha mdogo wako nusu ya mchezo. Nusu nyingine nilikuwa siijui."

Najua utasema, umeona? Huruma inauma. Inauma, ndiyo, nimeiona kwa macho yangu. Lakini Baba aliyemwachia alilia. Wewe uliyemaliza walikubeba mabegani.

Nafasi ya kipa wa akiba mpe mwingine. Komeo hana hasira na wewe, hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Anasema mjomba alicheza mpira.

Glavu zimefika salama. Alizitoa kwenye karatasi mwenyewe, akazinusa, akaivaa ya kushoto. Mkanda wa kifundoni ulimshinda, maana unahitaji mkono wa pili kuukaza, akanyoosha mkono nikamkazia mimi. Akakaa nayo mpaka nikamaliza kupika. Hiyo ameomba abaki nayo.

Ya kulia ndiyo hiyo humu ndani. Itafutie mkono.

Dada yako